Mwezi Haukusoma Ukurasa Wangu

Jumatano, Idi Pili.

Mvua imenyesha tangu alfajiri hadi saa nne, kisha ikakatika ghafla kama mtu aliyeitwa kwingine. Sasa ni saa kumi na mbili kasoro jioni. Mlima Meru umejifunika wingu hadi kiunoni, migomba bado inadondosha maji, na mimi nimekaa barazani na kompyuta mapajani, nimeshiba pilau ambayo sikuistahili.

Nimefundisha miaka thelathini na minane, na mingi kati ya hiyo nilikuwa mwalimu mkuu. Katika miaka hiyo nimewaambia watoto wengi sana waandike masahihisho. Yangu mwenyewe sikuwahi kuyaandika. Leo nayaandika, na anayesoma ajue hivyo tangu mwanzo.

Binti yangu Nanyori amewaongoza wageni mbugani kwa miaka kumi na mmoja, akiendesha magari ya watu wengine. Mwaka huu ameanzisha kampuni yake: gari moja, ofisi ya chumba kimoja pale Engutoto, na jina lake juu ya mlango. Nilipouona mlango ule kwa mara ya kwanza nilisimama mbele yake muda mrefu nikijifanya nakagua herufi. Herufi zilikuwa sahihi. Nilikuwa nasubiri macho yangu yatulie.

Wageni wake wa kwanza walikuwa wawili, mama na binti, kutoka nchi za kaskazini ya mbali. Mama, Bibi Marta, anakaribia miaka themanini. Marehemu mume wake alifundisha alipokuwa kijana katika chuo kimoja huku upande wa Tengeru, na kabla ya kurudi kwao alipanda mti nje ya bwalo la chakula. Maisha yake yote aliuzungumzia mti huo. Alikufa bila kuuona tena. Bibi Marta alimwandikia Nanyori kwamba wanyama ni wa binti yake, Hanna; yeye anakuja kuushika mti ule, basi. Kwa umri wake, hakutarajia kuja mara ya pili.

Kwa hiyo jambo lilikuwa moja tu. Bibi huyu afike chuoni.

Mwezi wa kwanza Nanyori aliniomba nimwandikie ukurasa wa kuwapa wageni wake kabla hawajasafiri: mambo ya msingi kuhusu nchi, pamoja na sikukuu zote za mwaka. Niliifanya kazi hiyo kwa furaha ambayo sikuionyesha. Niliandika kwa Kiswahili kwanza, kwa kuwa siwezi kufikiri sawasawa kwa lugha nyingine, kisha nikatafsiri. Niliandika kwamba makao makuu ya nchi ni Dodoma. Wageni wengi hudhani ni Dar es Salaam. Wengine wameniuliza kama ni Nairobi, na hao nimewasamehe kwa shida. Niliandika kwamba Mlima Kilimanjaro uko Tanzania, sentensi fupi isiyohitaji maelezo. Niliandika kuwa magari hupita kushoto, kuwa soketi zetu zina matundu matatu ya mstatili, kuwa mifuko ya plastiki haiingii nchini, kuwa mtu hapigwi picha kabla hajaombwa, na kuwa saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, jambo ambalo naliona la busara kuliko kuanza kuhesabu watu wakiwa wamelala.

Kisha sikukuu. Mapinduzi, Januari kumi na mbili. Muungano, Aprili ishirini na sita. Wafanyakazi, Mei Mosi. Saba Saba. Nane Nane, ambayo huku kwetu wakulima huitendea haki. Siku ya kumkumbuka Baba wa Taifa, Oktoba kumi na nne. Uhuru, Desemba tisa. Na katikati yake Pasaka, Idi, Maulidi na Krismasi. Kila moja niliipa mstari mmoja wa maelezo. Nilipomaliza niliusoma ukurasa kwa sauti, nikaona kwamba nchi yangu inapendeza ikiandikwa vizuri.

Nanyori alikuwa ameniletea maandishi yake ya awali. Penye Idi alikuwa ameandika: hutegemea kuandama kwa mwezi.

Nilipiga mstari mwekundu juu ya maneno hayo.

Sababu yangu niliiona nzuri. Mgeni anayekata tiketi ya ndege hapewi "hutegemea". Anapewa tarehe. Ukutani kwangu kulikuwa na kalenda tuliyopewa dukani, na Idi ilikuwa imechapwa kwa wino mwekundu, Jumatatu na Jumanne. Nikaandika Jumatatu na Jumanne.

"Baba," Nanyori alisema, "hapo pana mwezi."

"Hapo pana kalenda," nikamjibu.

Akanyamaza. Mama yake alikuwa akimenya ndizi karibu nasi. Akasema bila kuinua kichwa, "Mwalimu, mwezi hauna mwongozo wa kusahihishia." Nilijifanya sikusikia. Ujuzi huo ninao tangu tulipofunga ndoa.

Bibi Marta aliusoma ukurasa kwa makini. Aliona kwamba sikukuu zinakwisha Jumanne, basi akachagua Jumatano kwenda chuoni. Chuo kilikubali, nadhani kwa kutazama kalenda kama yangu. Alhamisi asubuhi wangepanda ndege ndogo kwenda Serengeti, na kutoka huko moja kwa moja Zanzibar, kisha kwao. Siku yao ya Tengeru ilikuwa hiyo moja.

Jumapili jioni mwezi haukuonekana. Tulisikia redioni kwamba kesho yake watu wangetimiza siku ya thelathini ya mfungo. Idi Mosi ingekuwa Jumanne. Idi Pili, Jumatano.

Dakika chache baadaye simu iliita. Nanyori alisema, "Baba, mwezi haujaonekana." Nilisubiri aongeze neno. Hakuongeza. Kumi na mmoja ni miaka mingi ya kazi. Alikuwa anajua tangu mwezi wa kwanza kwamba hili linaweza kutokea, na alinyamaza kwa sababu aliyeshika kalamu nyekundu alikuwa baba yake. Heshima niliyomfundisha ndiyo iliyomziba mdomo. Wazo hilo lilinikosesha raha.

Jumatatu asubuhi nilishuka hadi chuoni kwa miguu. Afisa niliyemkuta alikuwa na adabu. Alinieleza kwamba Jumatano hakutakuwa na mtu, kwamba mkuu wa chuo amekwenda kwao kusini, na kwamba funguo za majengo anazo Bwana Rajabu, ambaye ameshaanza likizo ya Idi nyumbani kwake Kikatiti. Mkuu akiridhia kwa simu, Bwana Rajabu anaweza kufungua.

"Lakini kumtoa mtu mezani siku ya Idi, mzee wangu, mimi siwezi," alisema. "Labda wewe."

Alinipa namba. Niliiandika vizuri kwenye daftari langu, na sikuipiga.

Hapa ndipo masahihisho yenyewe yanapoanza.

Rajabu namfahamu. Alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la saba, katika shule ya juu mlimani ambako watoto wa Kiislamu walikuwa wanne tu. Ulikuwa mwaka wa jaribio kubwa la mwisho kabla ya mtihani wa taifa. Kalenda ilisema Idi ni Jumatano; mimi nikaweka jaribio la Ijumaa, siku mbili zikiwa zimepita. Mwezi ukachelewa, Idi Pili ikaangukia Ijumaa hiyo. Betri za redio ya shule zilikuwa zimekwisha na sikuulizia kwa mtu. Ijumaa ikafika, madawati manne yakawa matupu, na mimi nikawapa wote wanne sifuri. Baba yake Rajabu alikuja kunieleza habari za mwezi. Nilimwambia kwamba serikali ina kalenda moja.

Kabla ya Jumatatu iliyofuata nilikuwa nimeshajua kwamba tangazo la mwezi lilikuwa limetolewa redioni na kwamba nimekosea mimi. Sifuri zile sikuzifuta. Niliona kwamba mwalimu mkuu akifuta alama zake mbele ya wanafunzi hatasikilizwa tena. Rajabu ndiye aliyekuwa akiongoza darasa. Mwisho wa mwaka kamusi ya zawadi ilikwenda kwa mtoto mwingine.

Tangu hapo, miaka arobaini sasa, kila tukikutana barabarani Rajabu huvua kofia na kusema, "Shikamoo Mwalimu." Huniuliza habari za ng'ombe. Jambo lile hajawahi kulitaja hata mara moja, na mimi nilikuwa nimejiridhisha kwamba amelisahau.

Jumanne, Idi Mosi, Nanyori aliwaleta wageni wake nyumbani kwetu kunywa kahawa ya shambani. Bibi Marta ni mrefu, mwembamba, na anakunywa kahawa bila sukari, jambo lililonifanya nimheshimu papo hapo. Nanyori hakuzungukazunguka. Aliwaambia kwamba kesho ni sikukuu, kwamba chuo kitakuwa kimefungwa, na kwamba anatafuta njia lakini hawezi kuahidi.

"Ukurasa wetu ulikosea tarehe," alisema.

Wetu.

Angeweza kusema ukurasa uliandikwa na baba. Nilikuwa nimekaa pale pale, hatua mbili kutoka kwake, na birika mkononi. Bibi Marta alitikisa kichwa taratibu, akafungua mkoba, akatazama picha moja ndogo, akaufunga tena. Hakulalamika. Laiti angelalamika.

Walipoondoka nilimwambia mke wangu kwamba asubuhi nakwenda Kikatiti kwa Rajabu.

"Mpigie simu," Nanyori aliniambia baadaye, aliposikia. "Jibu litapatikana upesi."

"Jambo la miaka arobaini halisemwi kwa simu," nilimjibu. Hakujua ni jambo gani. Mama yake alijua, na kwa mara moja hakuwa na la kuongeza, isipokuwa kwamba haendi mtu kwenye nyumba ya Idi mikono mitupu. Alinikatia mkungu wa ndizi mshare ambao mimi nisingethubutu kuugusa, kwa kuwa alikuwa akiulinda kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu.

Leo asubuhi, basi, nilipanda bodaboda katika mvua, mkungu ukiwa katikati yangu na dereva.

"Mzee," kijana aliniuliza kabla hajawasha pikipiki, "kati yako na huu mkungu, abiria ni nani na mzigo ni nani?"

Nilimwambia aangalie barabara. Alicheka hadi tulipofika lami.

Nilifika Kikatiti saa tatu kasoro, nimelowa hadi soksi. Rajabu alitoka mwenyewe, kanzu nyeupe, ndevu zimeanza kuwa na mvi. Aliniona nikihangaika kushuka, akaupokea mkungu kwanza, kisha akanipokea mimi.

"Shikamoo Mwalimu. Umekuja na shamba zima."

"Marahaba. Idi njema, Rajabu. Idi njema na kwa mama hapo ndani."

Aliniketisha, akaniletea taulo, na mke wake akaweka mbele yangu sahani ya pilau ya jana iliyopashwa moto, ambayo kila mtu anajua kwamba ina ladha kuliko ya siku ya kwanza. Jikoni sufuria nyingine ilikuwa imeshaanza kunukia. Nilitazama saa. Nilikuwa nimewaambia wageni wasubiri habari zangu hadi saa tano.

"Rajabu," nilianza, "nimekuja kwa sababu mbili."

"Kula kwanza, Mwalimu. Sababu hazipoi."

Nikala. Sikuwahi kula nikiwa na haraka kiasi kile, wala sikuwahi kula chakula kizuri kiasi kile nikiwa na haraka. Nilipomaliza alininawisha mikono mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha mbele yangu, akaweka viganja juu ya magoti. Ndivyo alivyokuwa akikaa darasani.

Nilianza na sababu ya zamani. Nilimwambia kwamba sifuri ya lile jaribio haikuwa yake, ilikuwa yangu. Nilimwambia kwamba nililijua hilo kabla ya Jumatatu iliyofuata, na kwamba niliiacha kwa kuogopa kuonekana nimekosea. Nilimwambia kwamba kamusi ilikuwa yake. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo njiani, lakini yalitoka mafupi kuliko nilivyoyapanga.

Rajabu alisogeza kiti mbele kidogo.

"Sifuri ipi, Mwalimu?" aliuliza. "Maana ulinipa mbili. Ile ya jometri ilikuwa yangu kweli."

Mke wake alicheka kule jikoni. Mimi sikuweza. Kisha uso wake ukatulia.

"Baba yangu alikusubiri," alisema. "Alisema, yule ni mwalimu, akigundua atakuja. Idi iliyofuata alikuwekea sahani. Na iliyofuata tena. Baadaye akaacha."

Mvua ilikuwa ikipiga bati, na nilishukuru kwa kelele zake.

"Sasa umekuja," akasema Rajabu. "Yeye hayupo, lakini umekuja siku ileile na sahani umeila. Sababu ya pili?"

Nilimweleza habari za Bibi Marta, za mti, za ukurasa, za kalenda ya dukani. Nilipofika penye mwezi, alianza kutikisika mabega, na nilipomaliza alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kanzu.

"Kwa hiyo mwezi umekufanyia tena," alisema. "Mwalimu, wewe na huo mwezi mna kesi."

Hakuniuliza kama ninajua leo ni siku gani. Alisimama, akampigia simu mkuu wa chuo, akamsalimu kwa urefu, akamweleza kwa ufupi, akapata ruhusa. Kisha akageukia jikoni: "Mama, weka pilau mpya kwenye hotpoti, ile kubwa. Na kachumbari. Tunatoka." Nilimwambia kwamba funguo zinatosha. Alinitazama kama vile mimi nilivyokuwa nikimtazama mtoto aliyejibu nusu ya swali.

Nilimtumia Nanyori ujumbe wa neno moja: Njooni.

Saa tano kamili gari lake lilikuwa langoni. Mvua ilikuwa imekoma na majani ya chuo yote yalikuwa yaking'aa. Bibi Marta alikuwa ameshika picha yake mkononi: kijana mwenye kaptura, koleo, mche mdogo wa mgrevilea usiomfika magoti, na nyuma yake ukuta wa bwalo. Rajabu aliipokea picha kwa mikono miwili, akaitazama sana. Akatuongoza kulizunguka bwalo.

Ukuta ulikuwa uleule. Mti haukuwapo. Penye mti palikuwa na kisiki kipana kilichofunikwa na nyasi.

Bibi Marta alisimama. Nilimwona Hanna akimshika mama yake kiwiko. Nanyori alifungua mdomo, nikadhani atasema neno la kufariji, la haraka, kama wanavyosema watu wanaoogopa kimya. Hakusema. Alimtazama Rajabu na kumsubiri. Katika maisha yangu nimewakagua walimu wengi; wanaojua kunyamaza pale panapostahili nawahesabu kwa vidole. Mmoja wao nimemzaa.

"Mwambie uliangushwa na upepo," Rajabu alimwambia Nanyori. "Mwambie asiondoke. Anifuate ndani."

Alifungua bwalo. Lilikuwa tupu, viti vimepangwa, mwanga wa baada ya mvua ukiingia madirishani. Ndani mlikuwa na meza tatu ndefu za mbao nyekundu, zenye madoadoa madogo kama manyoya ya kanga, kama ilivyo mbao ya mgrevilea ikipigwa randa vizuri.

"Ulipoanguka ndio kwanza nilikuwa nimeajiriwa," alisema Rajabu. "Mkuu wa wakati huo alikataa usiuzwe kuni. Fundi alipasua mbao hapa hapa uani na mimi nilimshikia. Mwambie mti wa mumewe ni hizi meza. Zote tatu."

Nanyori alitafsiri polepole, hakupunguza neno na hakuongeza.

Bibi Marta aliweka picha chini. Kisha akaweka viganja vyote viwili juu ya meza, akavisogeza mbele, akavirudisha, kama mtu anayenyoosha shuka. Hanna ndiye aliyelia.

Mke wa Rajabu alisubiri kadiri ilivyofaa, kisha akatua hotpoti juu ya meza ileile na kuanza kupanga sahani. Bibi Marta aliuliza, kupitia kwa Nanyori, kama inaruhusiwa kula pale.

"Leo ni Idi," Rajabu alimjibu. "Kisichoruhusiwa ni kukataa."

Tulikula watu sita kwenye meza ya watu ishirini. Rajabu alinong'ona upande wangu kwamba siku ya kazi bwalo hili huwa na wanafunzi mia mbili na kelele zao, na afisa wa zamu, ambaye ni mgeni hapa, angemwonyesha bibi huyu kisiki na kumuaga kwa heshima. Alisema kisha akaendelea kula. Mimi nilikuwa najitayarisha kusimama.

Nilisimama. Kwa Kiingereza changu cha darasani, chenye sentensi kamili, nilimwambia Bibi Marta kwamba ukurasa ule si wa Nanyori. Niliuandika mimi. Binti yangu alikuwa ameandika sawa na mimi nikafuta. Nilimwomba radhi.

Bibi Marta aliutoa ukurasa mkobani. Ulikuwa umekunjwa mara nne na kuchakaa kwenye mikunjo. Alisema aliusoma mara nyingi kuliko kitabu chochote cha safari, na kwamba sasa anajua makao makuu ni Dodoma. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: kwa nini mimi Mlutheri nimeandika sikukuu za Waislamu na za Wakristo katika orodha moja, bila kuzitenganisha?

Sikuwa nimewahi kuliona kuwa ni jambo la kuulizwa. Ndivyo zilivyo. Idi hufunga ofisi ya Mlutheri na Krismasi hufunga ofisi ya Rajabu, na sote tunapumzika pamoja. Nilimwambia hivyo. Rajabu akaongeza kwamba Krismasi yeye huja kwetu huku mlimani kula ndizi na nyama, jambo ambalo si kweli, kwa sababu sikuwahi kumwalika.

Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba Krismasi hii anakuja. Aliinamisha kichwa, akasema, "Nimesikia, Mwalimu." Mke wake aliuliza kama na yeye amealikwa au ni darasa la saba peke yao.

Nimerudi nyumbani saa tisa nikiwa na fahari ambayo kifua changu hakiitoshi. Nilidhani nchi yangu inapendeza ikiandikwa vizuri. Leo nimeiona ikipendeza pale maandishi yangu yalipoishindwa. Watu wale wawili walisimama kutoka kwenye sikukuu yao, wakabeba chakula chao, wakaenda kumfungulia mgeni mlango, na hakuna aliyewaona isipokuwa sisi. Ukurasa wangu haukuwa na mstari wowote kuhusu watu kama hao.

Nimeuandika upya. Penye Idi nimerudisha maneno ya Nanyori kama alivyoyaandika: hutegemea kuandama kwa mwezi. Chini yake nimeongeza ya kwangu: usipange jambo lako kubwa katika siku zinazoikaribia, na ukialikwa, nenda.

Lakini ukurasa mpya hautoshi. Kwetu Wameru mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale, lile jani refu la kijani tunalolipanda mpakani, na aliyepelekewa hawezi kulikataa. Nimeshuhudia jani hilo likisuluhisha ndugu waliogombea ardhi. Nimeliona likipelekwa na mtoto kwa baba yake. Likitoka kwa baba kwenda kwa mtoto sijaliona. Baba yangu hakuwahi kunipa, na alikuwa na sababu za kunipa.

Saa kumi nilikwenda mpakani na kisu, nikakata moja.

Nanyori alipita saa kumi na moja kutuaga, kwa kuwa kesho anaondoka mapema kuwapeleka wageni uwanja wa ndege. Nilimkabidhi ukurasa mpya na jani juu yake, kwa mikono miwili. Mama yake alikuwa mlangoni na alijishughulisha sana na ufagio.

Nanyori aliligeuza jani upande wa pili.

"Baba, hili mimi siwezi kulikataa hata kama ningetaka."

"Ulitaka?"

"Jumapili jioni, kidogo."

Nikamwambia hiyo ilikuwa haki yake. Nikamwambia pia kwamba siku nyingine akiona nimekosea, aniambie, na nikimjibu kwa kalenda aniambie mara ya pili. Alicheka, akashika mkono wangu, akauacha. Sisi si watu wa maneno mengi ya namna hiyo.

Alikwenda kwenye gari. Nilimwona kutoka hapa barazani akilichomeka jani la isale mbele ya kioo, pale ambapo kila mgeni atakayepanda ataliona na kuuliza ni la nini. Atawajibu anavyojua yeye. Pengine atarefusha, pengine ataacha jambo ambalo mimi nisingeliacha.

Gari limeshapinda kona, na kalamu nyekundu nimeirudisha kwenye droo. Maelezo ya jani lile hayatapita mezani kwangu.